Usimfuate

Ukutani mwa chumba cha chai, hapa Immingham,
karatasi ya kanuni imejikunja pembe kwa mvuke wa birika.
Kumi na nne kwa jumla. Vaa kofia ngumu. Funga mkanda.
Shika ngazi kwa mikono miwili.
Mabaharia huzisoma kama bei
kwenye dirisha la duka lililofungwa.

Ya tisa ndiyo yangu.
Kwa Kiingereza ina maneno kumi na tisa na mikato miwili.
Nahodha alitaka niwafasirie vijana wa Tanga;
nikakesha na penseli, nyuma ya boksi la biskuti,
nikafuta, nikafuta,
asubuhi nikatoka na neno moja.

Tulikuwa tumeleta punje za mbao kutoka Kanada,
msonobari uliosagwa ukakaushwa,
meli nzima ikinukia karakana ya seremala.
Nani aogope kitu kinachonukia hivyo?
Lakini punje zile hulala shimoni zikivuta pumzi,
wiki tatu baharini zinavuta tu,
hazirudishi.

Shekue alishuka kwa ajili ya ufagio.
Andika hivyo, nilimwambia mkaguzi. Ufagio.
Wa plastiki, wa rangi ya chungwa, pauni nne dukani.
Ulimponyoka ukatumbukia shimo la pili,
naye hakupenda kifaa cha kazi kilale bila mwenyewe.
Kibali hakikuandikwa.
Kipima hewa kilikuwa mezani, kinachajiwa.
"Dakika moja tu," alisema.

Nilikuwa juu, nakunja kamba.
Nilimwona akishuka vidato sita.
Kwenye cha saba alitulia, kama mtu aliyekumbuka jambo,
kisha vidole vikaacha chuma, kimoja kimoja.
Hata "mama" hakusema.

Mimi nimelelewa na akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.
Methali haikutaja dhiki isiyo moshi wala rangi.
Mguu wangu wa kulia ulishaingia.
Nauona hata sasa: buti, kamba ya njano, mafundo mawili,
na chini yake giza linalonukia vizuri.

Nikautoa.
Nikapiga king'ora. Nikasema redioni:
mtu shimoni, la pili, mtu shimoni,
kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.
Nikasimama mlangoni.

Sarahangi Rodelio akaja mbio, anataka kupita.
Ana watoto wanne. Nikamkamata mkanda.
Alinipiga ngumi ya mdomo;
meno haya mawili si yangu, ni ya daktari wa Grimsby.
Sikumwachia.
Alilia kwa lugha ya kwao, nami kwa yangu,
hadi wakafika wenye mitungi mgongoni.

Walimtoa Shekue. Wakautoa na ufagio.

Jioni nikampigia dada yake Pangani.
Mvua nyembamba, mto Humber
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
"Wewe ulikuwa wapi?"
Mlangoni.
"Mlangoni unafanya nini?"
Nilikuwa na kanuni nzima mdomoni, na damu.
Nikasema: nasimama.
Hajapokea simu yangu tena, na simlaumu.

Rodelio hunitumia picha kila Krismasi.
Yule wa nne sasa ana ndevu.
Hatujawahi kuzungumzia ngumi.

Jana kijana mpya, Mwinjuma, alisimama mbele ya karatasi,
akacheka: "Mzee, hii ya tisa mbona fupi?
Na kama aliyeanguka ni ndugu yako?"
Nikamwambia ndiyo maana ni fupi.
Hakuelewa. Akamimina chai, akatia sukari vijiko vitano.

Nyuma yake ufagio ule umeegemea mlango,
chungwa lake limepauka.
Sakafu tunaifagia kwa mwingine.